Siku Tatu za Kusema Mfumo Unasumbua

Nilifungua steshenari Makambako baada ya kampuni ya mbao niliyokuwa nikiifanyia kazi ya uhazili kufunga ofisi yake. Kilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara ya kwenda Njombe, chenye kompyuta moja, printa, mashine ya fotokopi na benchi la wateja. Upepo wa Makambako haupigi hodi, kwa hiyo kila karatasi iliyokuwa mezani kwangu ilikaliwa na jiwe. Wateja walizoea. Waliinua jiwe, wakachukua karatasi yao, wakalirudisha jiwe mahali pake.

Wakati huo mambo mengi yalikuwa yamekwisha kuhamia mtandaoni. Mtu aliyetaka cheti cha kuzaliwa, barua ya chuo au fomu ya ajira hakuambiwa tena aje na kupanga foleni. Aliambiwa aingie kwenye mfumo. Wengi hawakuwa na pa kuingilia, ndiyo maana walikuja kwangu. Walileta jina la kutumia na neno la siri, wameyaandika kwenye karatasi ya daftari, kwenye kiganja, mmoja aliandika juu ya kifuniko cha Biblia kwa kalamu ya risasi ili aweze kufuta.

Wengi walidhani barua zao zilikuwa zimekaa mahali, zimeshaandikwa, zinasubiri kuchukuliwa. Nami nilidhani hivyo mpaka nilipofundishwa. Mwalimu wangu wa kompyuta, mama mtu mzima aliyekuwa akifundisha kwenye kituo kimoja cha kanisa pale Njombe, alitueleza kwamba barua ya namna ile haipo mpaka uiombe. Ukibonyeza kitufe, seva, ile kompyuta kubwa ya mfumo, huko iliko inakusanya jina lako, namba yako ya mtihani na chuo ulichopangiwa, inaviweka kila kimoja kwenye nafasi yake, na barua inazaliwa dakika hiyo hiyo. Kisha inakuja kwako katika dirisha jipya. Dirisha jipya, alisema, kwa sababu ukurasa uliokuwa unaujaza unatakiwa ubaki ulivyo. Barua ikifungukia juu ya ukurasa ule, umepoteza ulikokuwa, na itabidi uanze upya.

Kwa hiyo nilijua. Sikuwa mtu wa kubahatisha. Nasema hivi kwa sababu yaliyotokea baadaye hayakutokana na kutokujua kabisa. Yalitokana na kujua kidogo na kutosheka nako.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa kompyuta ilikuwa nzito, nikamwita fundi. Alikaa nayo mchana kutwa. Alifuta vitu, akaondoa kivinjari cha zamani nilichokuwa nikifungulia mtandao, akaweka kipya. Akaniambia sasa iko salama, haitaingiza takataka tena. Niliijaribu mbele yake kwa kusoma habari, ikafunguka haraka. Nikamshukuru, akaenda.

Jumanne asubuhi mteja wa kwanza alikuwa mwanamume wa umri kama wangu, mpakiaji wa mbao kwenye yadi iliyo nyuma ya stendi. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa ameomba chuo cha mifugo mwaka ule kwa mara ya tatu, na ujumbe wa simu ulikuwa umemfikia kwamba amechaguliwa. Ilimpasa atoe barua na fomu ya kuthibitisha, akaisaini mbele ya mtendaji wa kata, kisha irudishwe kwenye mfumo kabla ya Alhamisi kwisha. Alikuja amevaa shati safi, nadhani alitaka kwenda moja kwa moja kwa mtendaji.

Niliingia kwenye akaunti yake. Jina lilikuwepo, chuo kilikuwepo, na chini kulikuwa na kitufe cha kufungua barua. Nikabonyeza. Hakikutokea kitu. Nikabonyeza tena. Ukurasa ulicheza kidogo, ukatulia.

"Vipi?" aliuliza.

"Mfumo unasumbua," nikamwambia. "Kipindi hiki watu ni wengi. Jaribu jioni."

Nilisema hivyo bila kufikiri. Ndivyo tulivyokuwa tukisema sote, benki, hospitali, halmashauri. Ni maneno yanayomaliza mazungumzo bila kumkosea mtu. Akaandika namba yake ya simu kwenye daftari langu ili nimwite mambo yakikaa sawa, akaenda kazini na shati lake safi.

Mchana akaja mama mmoja kutoka Wanging'ombe. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akaniongezea kamwene, kama wanavyofanya watu wa kwetu wakitaka kujua wewe ni wa wapi. Nikamjibu kwa Kibena na uso wake ukafunguka. Alikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani yake bahasha ya vyeti vya binti yake. Binti alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi, lakini amebaki nyumbani na bibi yake ambaye haachwi peke yake. Mama ndiye aliyetumwa.

"Mimi sisomi sana," alisema. "Ameniandikia hapa kila kitu. Amesema wewe utajua."

Nikaingia, nikabonyeza, hakikutokea kitu. Nikamwambia yale yale. Akauliza kama angoje. Nikamwambia angoje. Alikaa kwenye benchi mpaka saa kumi, ameshika mfuko wake magotini, kisha akaniaga kwa sababu gari la kwao lilikuwa linaondoka.

Jumatano hali ilikuwa ile ile. Kila aliyekuja na barua ya kutoa, nilibonyeza, nikaangalia kioo, nikatikisa kichwa. Kurasa za kawaida zilifunguka vizuri, na hilo lilinithibitishia kwamba kompyuta yangu ni nzima na kwamba ubovu uko kwa wenyewe. Niliendelea kuandika majina na namba kwenye daftari. Yule mpakiaji alikuja mara mbili, asubuhi na jioni. Mara ya pili alisimama mlangoni tu, hakuingia.

"Bado?"

"Bado."

"Kesho ndiyo mwisho."

"Wakiona mfumo una shida huwa wanaongeza siku," nilimwambia. Hilo nalo sikuwa nimelisikia popote mwaka ule. Nililisema kwa sababu uso wake ulikuwa unahitaji kuambiwa kitu.

Alhamisi yule mama wa Wanging'ombe alirudi. Safari hii hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza yangu, akainama kuangalia kioo cha kompyuta kama mtu anayechungulia ndani ya nyumba ya jirani.

"Huo mfumo wenyewe uko wapi?" aliuliza.

Nikamwambia uko Dar es Salaam, au Dodoma, kwa kweli sikuwa na hakika.

"Na Njombe hauko?"

"Mama, ni huo huo mmoja. Ukisumbua hapa, unasumbua na Njombe na kila mahali."

Alifikiri kidogo. "Labda," alisema. "Lakini kesho nitakwenda Njombe. Nina ndugu yangu karibu na kanisa. Nisipoupata, angalau nitakuwa nimemsalimia."

Nilimwelekeza kwa mwalimu wangu, ambaye baada ya kustaafu alikuwa na chumba chake cha kuchapa pale mjini. Nilifanya hivyo kwa heshima tu, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba anakwenda bure. Nilimwonea huruma, na nakumbuka kwamba ilikuwa huruma ya mtu anayejua kwa mtu asiyejua.

Saa kumi na mbili jioni ile nilifunga duka. Mpakiaji hakuja siku hiyo. Nilidhani ameenda porini na lori kupakia mbao, na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, saa tisa hivi, yule mama aliingia. Alikuwa amepitia Makambako akirudi kwao, na kwenye mfuko alikuwa na bahasha mpya ya kaki. Hakuja kwa kujigamba wala kunisuta. Alitoa barua, akaiweka mezani, akachukua jiwe langu akaliweka juu yake ili upepo usiichukue.

"Njombe imefunguka," alisema.

Nikaisoma. Jina la binti, chuo, tarehe ya kuripoti, orodha ya vitu vya kwenda navyo. Chini palikuwa na tarehe na saa ambayo seva ilikuwa imeitengeneza, saa nne asubuhi ya siku ile.

"Mfumo umerudi, basi," nikasema.

"Yule mwalimu amesema haukuwahi kuondoka. Amekuandikia nyuma ya bahasha."

Nikaigeuza bahasha. Kwa mwandiko ule niliokuwa nikiufahamu, mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika kwa chaki, palikuwa na maneno machache: angalia juu, upande wa kulia, mwisho wa mstari wa anwani.

Nilifungua ukurasa wa mteja mwingine aliyekuwa ameketi pale. Nikabonyeza kitufe. Safari hii sikuangalia kitufe, niliangalia juu kulia. Palikuwa na kialama kidogo, kidogo kuliko punje ya ulezi, kidirisha chenye msalaba mwekundu. Nikakibonyeza. Kikanijibu kwamba dirisha jipya limezuiwa kwa usalama wangu, na kikaniuliza kama nataka kuruhusu. Nikaruhusu. Barua ikafunguka.

Kivinjari kile kipya kilikuwa kimefanya kazi yake. Hakikujua tofauti ya tangazo la kamari na barua ya chuo. Chochote kilichotaka kufungua dirisha jipya kilizuiwa, kisha kikaachwa kile kialama kama taarifa. Kwa siku tatu barua za watu zilikuwa zinazaliwa, zinafika mpaka mlangoni kwangu, na kompyuta yangu inazikatalia kuingia. Nami nilikuwa nimekaa upande wa ndani nikiwaambia wenyewe kwamba hazijaja.

Mama alikuwa ananitazama. "Umeona?" aliuliza.

"Nimeona. Ilikuwa huku kwangu."

"Basi ni vizuri," alisema, akachukua barua yake, akairudisha bahasha mfukoni na kuniaga. Alikuwa na haraka ya gari. Binti yake alikwenda chuo mwezi uliofuata, hilo nililijua kwa sababu alikuja mwenyewe kupiga picha za pasipoti. Hakuzungumzia siku zile.

Nilichukua daftari. Majina yalikuwa kumi na moja. Nilipiga simu moja baada ya nyingine, nikiwaambia waje, barua zinafunguka. Sikueleza zaidi. Kwenye simu ya sita hivi mtu mmoja aliniuliza, "Wameshatengeneza?" nikajibu ndiyo. Nilipokata simu nilijua nimedanganya tena, na safari hii sikuwa na kisingizio cha kutokujua. Wale waliobaki niliwaambia kosa lilikuwa la kompyuta yangu. Hakuna aliyegomba. Mmoja alicheka.

Tarehe zao zilitofautiana, na wote walikuwa bado na muda, isipokuwa mpakiaji wa mbao. Simu yake haikupatikana. Jumamosi asubuhi nilifunga duka nikaenda yadini. Lori lilikuwa limerudi usiku, na yeye alikuwa anashusha mbao na wenzake wawili, vumbi la msonobari limemkaa kwenye nyusi. Alinifuata pembeni, akajifuta mikono kwenye suruali.

Nikamwambia kama ilivyokuwa. Kwamba mfumo ulikuwa mzima tangu Jumanne. Kwamba kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa inazuia, na kwamba palikuwa na alama ya kuonyesha hivyo nami sikuitazama.

Aligeuka akaangalia lori. Kisha akasema, "Nilitaka kwenda steshenari ile nyingine, ng'ambo ya reli. Jumatano ile."

"Kwa nini hukwenda?"

"Ulisema mfumo. Mfumo si ni mmoja?"

Nilimwomba twende dukani tujaribu. Aliwaomba wenzake ruhusa, tukaenda wote dukani. Nilikuwa bado na tumaini kwamba siku zitakuwa zimeongezwa kweli, au kwamba Jumamosi hakuna mtu ofisini wa kufunga chochote. Nilifungua akaunti yake. Kitufe kilikuwa pale pale. Nikabonyeza, na dirisha jipya likafunguka mara moja, bila kusita.

Barua ilikuwa na jina lake kamili na namba yake ya mtihani. Ilikuwa fupi. Ilimweleza kwamba kwa kuwa hakuthibitisha katika muda uliowekwa, nafasi yake imepewa mwombaji mwingine, na ikamtakia heri katika maombi yajayo.

Aliisoma amesimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. Akaisoma tena, nadhani, kwa sababu alichukua muda mrefu kwa barua ya mistari minne.

"Nitolee," akasema.

"Hii?"

"Ndiyo. Mke wangu hataamini nikimwambia kwa mdomo."

Nikaichapa. Aliikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akarudi kazini.

Jumatatu nilipiga simu chuoni. Niliyempata alikuwa msichana mwenye sauti ya upole. Nilimweleza kwamba kosa halikuwa la mwombaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kila mwaka wanapigiwa simu nyingi za namna hiyo, na kwamba wakati wote ule mfumo ulikuwa unafanya kazi. Nikamwambia hicho ndicho ninachosema. Akasema anaelewa, lakini orodha imefungwa. Niliandika barua pia, nikaisaini kwa jina langu na la duka. Haikujibiwa.

Siku chache baadaye nilikwenda Njombe kumwona mwalimu. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, amewasha jiko la mkaa chini ya meza na amejifunga shuka juu ya sweta. Nilimsimulia habari ya yule mpakiaji. Nilitegemea aniambie kwamba mashine ni mashine. Aliendelea kupanga karatasi zake.

"Nilipowafundisha," alisema, "niliwaambia barua inafunguka dirisha jipya. Sikuwaambia la kufanya isipofunguka. Enzi zile zilifunguka tu."

"Si kosa lako, mama."

"Sijasema ni kosa langu. Nasema sikuwaambia." Kisha akanimiminia chai, akaniuliza habari za nyumbani.

Mwaka uliofuata mpakiaji aliomba tena, nami nikamjazia fomu. Hakuchaguliwa. Nikamwambia pole, akasema ahsante. Baada ya hapo hakuja kwa muda. Nilimwona mara kwa mara akipita na wenzake, tukasalimiana kwa kuinua mkono. Yadi ile ilihamia upande wa juu wa mji, na hata hilo la kuinua mkono likapungua.

Kwenye steshenari mambo yalienda kama kawaida. Nilichobadilisha ni kidogo. Kitu kisipofunguka, nasema hakifunguki kwangu, na namwelekeza mteja duka la jirani ajaribu. Jirani alidhani mwanzoni kwamba nina ugonjwa, namna nilivyomgawia wateja. Baadhi yao hawakurudi kwangu, walimzoea yeye.

Mwaka wa pili baada ya ule wa barua, mwezi wa tisa tena, yule mpakiaji aliingia. Alikuwa amenenepa kidogo na amenyoa ndevu. Alikaa kwenye benchi mpaka nilipomaliza na mteja aliyekuwepo.

"Nimepata," alisema. "Cha mbali, lakini ni mifugo vilevile."

"Hongera sana. Barua umeshatoa?"

"Nimetoa kule ng'ambo ya reli. Na kuthibitisha nimethibitisha, siku ile ile."

"Ulifanya vizuri," nilisema, na nilimaanisha hivyo.

Nje lori la viazi lilikuwa linapanda kuelekea barabara kuu, kioo cha dirisha kikawa kinatetemeka. Alifungua begi, akatoa vyeti vyake vilivyokaa ndani ya plastiki.

"Nataka nakala," alisema. "Wameandika tatu tatu."

Nikavichukua. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha ubatizo pia, ingawa hicho sidhani kama walikiomba. Nikainua kifuniko cha mashine nikaanza na cha kwanza.